Fani Bado Ina Maana: Tunavyokosea Kusoma Safari za Wahitimu

Vyuo vikuu vingi siku hizi huwaita wahitimu wao waliomaliza miaka mitano, kumi au kumi na mitano iliyopita, wawaeleze wanafunzi walioko darasani maisha ya kazi yaliwapeleka wapi. Aliyesoma kemia sasa anasimamia ununuzi katika kampuni ya usafirishaji. Aliyesoma historia anakagua mikataba benki, aliyesoma uhandisi wa ujenzi anaandaa vipindi vya redio, na aliyesoma uuguzi bado ni muuguzi. Masimulizi hayo hurekodiwa, hukatwa vipande vifupi na kusambazwa mitandaoni, na maoni yanayofuata huwa yaleyale: unaona, kozi haina uhusiano na maisha, shahada ni karatasi tu. Utaratibu wenyewe ni mzuri na ninautetea. Hitimisho linalotolewa ndilo baya, na linawaumiza zaidi vijana ambao hawana uwezo wa kukosea mara mbili.

Hoja yangu ni hii: utofauti wa safari za wahitimu ni wa kweli, lakini hauthibitishi kwamba fani haina maana. Unaonyesha kwamba kila fani hufunga milango fulani na kuacha mingine wazi, kwa namna yake yenyewe. Unaonyesha pia kwamba watu huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa hatua ndogo zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine, ila msimulizi akitazama nyuma huziruka. Msikilizaji asiyezipata hatua hizo hutoka ukumbini na hamasa tele, na kesho yake anaamka hajui aanzie wapi.

Wanaosema fani haina maana huwa na takwimu, na takwimu zao si za uongo. Wachumi Jaison Abel na Richard Deitz wa Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, walichambua data za Marekani za mwaka 2010 wakakuta kwamba asilimia 62 hivi ya wahitimu walikuwa kwenye kazi inayodai shahada, na asilimia 27 tu walikuwa kwenye kazi inayoendana moja kwa moja na fani waliyosomea. Ukiisoma hiyo 27 peke yake utasema karibu watu watatu kati ya wanne wamepotea njia. Ukizisoma namba zote mbili pamoja, unaona kundi kubwa lililo katikati: watu walio nje ya fani yao lakini wanafanya kazi ya ngazi ya mhitimu. Hapo ndipo mjadala wa mitandaoni unapochanganya mambo mawili. Kuna kuwa nje ya fani, na kuna kuwa chini ya kiwango cha elimu yako. Mkemia anayesimamia ununuzi yuko nje ya fani lakini hajashuka kiwango. Mkemia anayepanga bidhaa kwenye rafu yuko nje ya fani na pia ameshuka. Watafiti hutenganisha hali hizi kwa vipimo: Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutumia mfumo wa ISCO-08 wa Shirika la Kazi Duniani, unaogawa kazi zote katika makundi makuu 10, na humhesabu mwenye elimu ya juu kuwa amezidi kazi yake akiwa katika kundi la 4 hadi la 9. Yule wa kundi la 1, la 2 au la 3, yaani mameneja, wanataaluma na mafundi sanifu, hahesabiwi hivyo hata kama fani yake na kazi yake havifanani kabisa.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kuhamahama si tabia ya kizazi hiki. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani imekuwa ikiwafuatilia watu waliozaliwa kati ya 1957 na 1964, na imekuta kwamba kati ya umri wa miaka 18 na 56 kila mmoja alifanya kwa wastani kazi 12.7, karibu nusu yake kabla ya kutimiza miaka 25. Hao waliingia kazini kabla ya intaneti. Wachumi Robert Topel na Michael Ward nao walionyesha mwaka 1992 kwamba angalau theluthi moja ya ongezeko la mishahara ya vijana wa kiume katika miaka 10 ya mwanzo wa kazi ilitokana na kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mhitimu anayesema "nimebadilisha kazi nne" hajasema jambo la ajabu. Swali ni alihama kutoka wapi kwenda wapi, na ni nini alichobeba njiani.

Nirudi kwenye milango. Ukizitazama fani kwa makini utaona zinaangukia katika aina tatu hivi, ingawa mipaka yake haijanyooka. Aina ya kwanza ni fani zenye leseni: udaktari, ufamasia, uuguzi, sheria, na uhandisi wa kusaini michoro. Kutoka katika hizi ni rahisi, kuingia ni kugumu. Muuguzi anaweza kuwa mchambuzi wa data, lakini mchambuzi wa data hawezi kuwa muuguzi bila kwenda kusomea uuguzi kwanza. Na hata aliyetoka, mlango unaanza kufungwa nyuma yake taratibu. Nchini Uingereza, muuguzi hutakiwa kuonyesha saa 450 za kazi na saa 35 za mafunzo endelevu katika kila miaka 3 ili abaki kwenye rejista. Bodi nyingi za taaluma duniani zina sharti la namna hiyo, na anayekaa nje muda mrefu hulazimika kufanya tena mtihani au kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kurudishiwa leseni. Mhitimu wa aina hii akisimama jukwaani kuhamasisha watu "wafuate mioyo yao", lazima aulizwe: leseni yako iko hai? Jibu lake lina thamani kuliko hotuba nzima, maana mwenye leseni hai anajaribu akiwa na pa kurudi, na asiye nayo amekwisha kuchagua.

Aina ya pili ni fani zenye zana: uandishi wa programu, uhasibu, uhandisi wa umeme, takwimu. Hapa mwajiri hupima kwa jaribio la vitendo, na mshahara wa kuanzia huwa mzuri. Hatari yake ni kwamba zana huchakaa. Wachumi David Deming na Kadeem Noray walionyesha mwaka 2020 kwamba Marekani faida ya kimshahara ya waliosoma uhandisi na sayansi ya kompyuta, ukiilinganisha na ya wengine, ni kubwa sana mwanzoni lakini hupungua kwa kiasi kikubwa katika miaka 10 ya mwanzo, kwa sababu ujuzi unaotakiwa hubadilika na wanaotoka chuoni karibuni huja na ule mpya. Aina ya tatu ni fani zilizo wazi: historia, falsafa, lugha, sosholojia, na biolojia ya jumla. Hizi hazina mlango wenye jina lake. Mhitimu wake huanza polepole, huhangaika zaidi miaka miwili ya kwanza, kisha husambaa kila mahali. Ukikusanya wasemaji bila kujali aina hizi, ukawaweka meza moja, wale wa aina ya tatu ndio watakaokuwa na hadithi tamu zaidi, na wanafunzi wa aina ya kwanza na ya pili watajifunza somo lisilowahusu.

Hatua zenyewe huendaje? Chukua njia moja inayojirudia sana: kutoka biolojia hadi uchambuzi wa data. Mhitimu anaajiriwa maabara kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake ni kupokea sampuli, kuzibandika lebo, kuziweka kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kuandika kila moja kwenye lahajedwali. Baada ya miezi michache anagundua kwamba namba za sampuli zinajirudia, tarehe zimeandikwa kwa mitindo mitatu tofauti, na safu ya jinsia ina "me", "M", "mwanamume" na visanduku vitupu. Anaanza kusafisha, kwanza kwa mkono, kisha kwa fomula, kisha anaweka orodha ya kuchagua ili anayeingiza data asiweze kuandika atakavyo. Ripoti ya mwezi iliyokuwa ikichukua siku mbili sasa inachukua saa mbili. Mkuu wa maabara anamletea lahajedwali za vitengo vingine. Moja inafikisha mistari laki kadhaa na kompyuta inakwama, kwa hiyo anajifunza hifadhidata na SQL, lugha ya kuchota data kutoka kwenye hifadhidata, kwa sababu kazi imemlazimisha. Mwaka wa tatu, nusu ya muda wake ni data, ingawa kitambulisho chake bado kinasema "msaidizi wa maabara". Mwaka wa nne anaomba kazi ya mchambuzi katika kampuni ya bima ya afya, na kwenye usaili anawashinda waliosoma kompyuta kwa sababu anajua data za hospitali huharibikia wapi: sampuli iliyopokelewa mara mbili, kipimo kilichorudiwa kikahesabiwa kama mgonjwa mpya, tarehe ya kuchukua damu iliyochanganywa na tarehe ya majibu.

Miaka kumi baadaye mtu huyo atasimama jukwaani aseme, "Nilisoma biolojia, leo ni mchambuzi wa data." Sentensi hiyo ni kweli, na imeficha kila kitu chenye manufaa. Inaonekana kama amevuka mto kwa mruko mmoja, kumbe wasifu wa kazi huandika vyeo, na vyeo hubadilika ghafla. Majukumu hubadilika robo mwaka kwa robo mwaka. Biolojia haikuachwa nyuma, ndiyo iliyompa ushindi kwenye usaili. Msikilizaji aliyesoma fasihi akijisajili kozi ya SQL ya wiki sita kwa kumwiga, atapata cheti na atashangaa kwa nini hakuna anayempigia simu. Ana zana, lakini hana tatizo la mtu yeyote alilowahi kulitatua kwa zana hiyo.

Uhamaji wa namna hii hukwama mahali panapojulikana. Mara nyingi wasifu umeandikwa kwa cheo badala ya majukumu, kwa hiyo anayechuja maombi anaona "msaidizi wa maabara" na kuweka pembeni. Dawa yake ni kuandika mistari miwili mitatu ya kazi ya data juu kabisa, yenye kiasi: rekodi ngapi, makosa yalipungua kwa kiasi gani, ripoti inachukua muda gani sasa. Mahali pengine ni kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Mtu wa maabara ya hospitali anaweza kuhamia kazi ya data ndani ya sekta ya afya, au kazi ya maabara ndani ya kiwanda cha rangi, na katika kila hali bado ana nusu ya ujuzi anaoujua mwajiri. Akitaka kuhama moja kwa moja hadi kazi ya data kwenye kiwanda cha rangi, hana cha kuonyesha upande wowote. Wahitimu wengi wanaosimulia kwamba "niliomba kazi kwa miaka miwili bila kujibiwa" ukiwauliza walikuwa wakiomba nini, utakuta walikuwa wakijaribu kubadilisha kazi na sekta kwa wakati mmoja. Halafu kuna suala la akiba. Kuhama huambatana mara nyingi na kushuka mshahara kwa muda, au na miezi bila kipato kati ya mikataba. Aliyekuwa na mzazi, mwenzi au ndugu wa kumlipia pango kwa miezi sita alifanya jambo ambalo mwenzake wa darasa lilelile, mwenye wadogo wa kusomesha, asingeweza kulifanya. Hilo halisemwi jukwaani, na kutolisema ni kuwaonea wanaosikiliza.

Tuje kwenye pande mbili za ubishi. Upande wa kwanza unasema: soma chochote, chukua kazi yoyote, utajua mbele ya safari. Wana hoja nzuri. Mwaka 1999 mwanasaikolojia John Krumboltz na wenzake walieleza kwamba sehemu kubwa ya maisha ya kazi hujengwa na matukio yasiyopangwa, na kwamba mtu anaweza kujiandaa kuyatumia: kuwa mdadisi, mvumilivu, tayari kubadilika, mwenye matumaini, na kuthubutu bila uhakika. Ninakubaliana nao. Lakini wahenga wetu walioacha methali ya mchagua jembe si mkulima hawakuwa wakizungumzia mkataba wa kwanza baada ya chuo. Mwaka 2018 taasisi za utafiti wa ajira, Strada na Burning Glass, zilichambua wasifu za wafanyakazi wa Marekani zikakuta kwamba asilimia 43 hivi ya wahitimu walianza katika kazi isiyodai shahada, na theluthi mbili ya hao walikuwa bado katika hali hiyo miaka mitano baadaye. Haki inanilazimu kusema kwamba namba hiyo haithibitishi kuwa kazi ya kwanza ndiyo iliyowakwamisha. Huenda waliokwama walikuwa na matatizo mengine tangu mwanzo, kama kuishi mbali na ajira au kuuguza mtu nyumbani. Hata hivyo inatosha kufuta ile ahadi nyepesi kwamba ukianza chini utapanda tu.

Utafiti wa wachumi Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz kuhusu wahitimu wa Canada, uliochapishwa mwaka 2012, unatupa picha iliyo kamili zaidi. Waliohitimu wakati uchumi umeshuka walianza na kipato pungufu kwa asilimia 9 hivi. Pengo hilo lilipungua kwa nusu ndani ya miaka mitano na kufutika baada ya miaka 10. Njia waliyojikwamulia ni kuhamia kwa waajiri bora hatua kwa hatua, na waliokuwa na uwezo mdogo wa kuhama ndio walioumia muda mrefu. Kwa maneno mengine, kuanza chini si msiba. Kubaki palepale ndiko kunakogharimu. Ushauri unaotokana na hayo si "chukua chochote" wala "subiri kazi ya ndoto yako". Ni kuitazama kazi ya chini kwa jicho moja: je, kuna siku katika wiki ambapo mikono yako itagusa jukumu la ngazi ya juu yake? Mpokea wageni anayeandaa pia bajeti ya ofisi ana pa kwenda. Mpokea wageni asiyeruhusiwa kugusa kingine isipokuwa simu hana, hata kama ofisi ni ya kifahari.

Upande wa pili ni wa wapima matokeo. Wanasema chuo kihesabiwe kwa ajira za wahitimu wake, na kozi zisizoajirika zifungwe. Uingereza wamekwenda mbali katika hili: tangu Oktoba 2022 msimamizi wa vyuo vikuu wa England hutaka angalau asilimia 60 ya wahitimu wa shahada ya kwanza wanaosoma muda wote wawe kwenye kazi ya kitaaluma, masomo zaidi au hatua nyingine njema. Hoja yao ina uzito ambao sisi tunaopenda elimu kwa ajili ya elimu hatupaswi kuupuuza. Ada hulipwa na mtu, na miaka minne ya ujana hairudi. Chuo kinachoandikisha mamia kila mwaka katika kozi ambayo hakijui wahitimu wake wako wapi kinafanya biashara bila dhamana. Udhaifu wa kipimo uko kwenye saa ya kupimia. Zamani Uingereza ilikuwa ikiwauliza wahitimu miezi sita baada ya kumaliza. Sasa huwauliza baada ya miezi 15 hivi, na data za kodi huwafuatilia baada ya mwaka 1, 3, 5 na 10. Mabadiliko hayo yalikuwa ya busara, kwa sababu miezi sita baada ya chuo fani za leseni zinang'aa na fani zilizo wazi zinaonekana zimekufa. Ukipima mwaka wa kumi, picha ni nyingine. Kozi inayofungwa kwa kipimo cha mwaka wa kwanza inaweza kuwa imefungwa kwa sababu tu wahitimu wake huchelewa kuchipua.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi, ni ile ya shahada kuwa karatasi tu. Watoaji wake huelekeza kidole kwa kampuni zilizotangaza kwamba hazidai tena shahada. Harvard Business School na Burning Glass Institute zilifuatilia matangazo hayo Marekani katika ripoti ya mwaka 2024, zikakuta kwamba mabadiliko hayo yaligusa chini ya ajira 1 kati ya 700. Tangazo lilibadilika, mwajiri hakubadilika. Na wasemaji wetu wenyewe ni ushahidi dhidi ya hoja hii. Mwulize yule mkemia tangazo la kazi yake ya kwanza nje ya kemia lilisemaje. Mara nyingi lilisema "shahada yoyote". Maneno hayo mawili yalimpitisha yeye na kumzuia mwingine mwenye akili ileile aliyeishia sekondari. Mtu ambaye karatasi imekwisha kumfungulia ndiye anayeweza kuidharau kwa raha.

Kisha kuna wasiokuwepo ukumbini. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na ofisi ya wahitimu nayo ina ngozi yake: humwalika anayejibu barua pepe, mwenye cheo, anayeongea vizuri. Tatizo hilohilo huingia kwenye takwimu. Fikiria darasa la wahitimu 1,000. Chuo kinatuma dodoso, wanajibu 300, na kati yao 240 wana kazi. Bango litasema "asilimia 80 wameajiriwa". Sasa tuseme wale 700 walionyamaza walinyamaza kwa sababu, na ni nusu yao tu wenye kazi, yaani 350. Jumla ya wenye kazi ni 590, na asilimia ya kweli ni 59. Hakuna aliyedanganya. Tofauti ya pointi 21 imetoka kwa watu wasiopatikana, na asiyepatikana mara nyingi ni yule aliyebadilisha namba ya simu kwa kukosa fedha, aliyehama, au anayeona aibu kujibu.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayeketi mbele ya mhitimu aache kuuliza "siri ya mafanikio yako ni nini", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa methali. Aulize miezi 24 ya kwanza baada ya mtihani wa mwisho, robo mwaka kwa robo mwaka: ulikuwa ukiishi kwa nani, nani alilipa, uliomba kazi ngapi za aina gani, ulijibiwa ngapi. Aulize majukumu ya Jumatatu mpaka Ijumaa katika kila kazi, bila kutaja cheo. Aulize kila mara alipohama, habari ya nafasi hiyo aliipata kwa nani. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1974 juu ya wanataaluma wa mji mmoja wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alikuta kwamba asilimia 56 walipata kazi kupitia mtu waliyemjua, na miongoni mwa hao ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine walionana naye kwa nadra au mara mojamoja. Jaribio kubwa la LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, lililochapishwa mwaka 2022, likihusisha watu milioni 20, lilielekea huko huko: watu wa kufahamiana kiasi walisaidia kuhama kazi kuliko marafiki wa karibu. Rafiki wa karibu anajua nafasi unazozijua wewe. Aliyekaa dawati la nyuma mwaka wa pili, ambaye hamjaongea tangu mahafali, anajua nyingine. Hiyo ni sababu ya vitendo ya kutunza orodha ya darasa lako, hata ya wale ambao hamkuelewana.

Vyuo navyo vina kazi ya kufanya, na haihitaji fedha nyingi. Dodoso la ufuatiliaji hufa kwa sababu moja kuu: anwani. Barua pepe ya chuo huzimwa baada ya mahafali, na simu hubadilika. Kabla mwanafunzi hajakabidhiwa vyeti, achukuliwe barua pepe yake binafsi, namba mbili za simu, na namba ya ndugu mmoja asiyehamahama, pamoja na idhini yake ya maandishi ya kutafutwa. Aulizwe maswali yaleyale mwaka wa 1, wa 3 na wa 5, yasiyozidi dakika kumi, kwa sababu dodoso la kurasa ishirini hujibiwa na wenye muda tu. Majukumu yake yapangwe katika makundi ya ISCO-08 na ofisi, asiachiwe mhitimu mwenyewe kuweka alama kwenye "inahusiana na fani yangu", maana mwenye fahari atasema ndiyo na mwenye uchungu atasema hapana kwa kazi ileile. Wasiojibu wachukuliwe sampuli ya 50 au 60, wapigiwe simu mpaka wapatikane, ili ijulikane wanatofautiana vipi na waliojibu. Na wasemaji wa jukwaani wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha nzima ya darasa, akiwemo aliye katikati ya mkataba wa miezi mitatu na aliyerudi kusoma upya, na wapangwe kulingana na aina ya fani ya wanafunzi watakaowasikiliza.

Matokeo yakishapatikana, yabandikwe kwenye ukurasa uleule ambao mwombaji anachagua kozi: wangapi walimaliza, wangapi wako kwenye kazi za ngazi ya mhitimu, wangapi wako kwenye fani, wangapi hawakupatikana kabisa. Namba hiyo ya mwisho ichapishwe kando ya ile ya walioajiriwa, kwa herufi za ukubwa uleule.